Mita Mia Saba za Barafu

Ijumaa, 7 Aprili (Ijumaa Kuu)

Duka limefungwa. Mgahawa umefungwa. Midomo ya watu ndiyo usiseme. Kijiji kizima cha Kuikkaniemi kimejifungia ndani, na mimi nimekaa katika darasa la shule iliyokufa, tulikopangishiwa vyumba, kwenye dawati la mtoto wa miaka saba, magoti yakinigusa kidevu. Siwezi kutulia! Nimekwenda dirishani na kurudi mpaka Jarkko, mpiga kamera wangu, akagonga ukuta kutoka chumba cha pili. Bosi, kaa chini, sakafu inalia. Kaa chini mwenyewe.

Ziwa bado ni jeupe. Bado.

Imebaki picha moja. Siku thelathini na nne za kazi zimekwisha, sinema yote ipo, isipokuwa picha moja ndefu ya mwisho: mzee anavuka ziwa lililoganda kwenda kisiwani kwa kaka yake, waliyenuniana naye miaka arobaini. Anafika, anaona dohani hakuna moshi, anaelewa, anarudi. Mita mia saba kwenda, mia saba kurudi, bila kukata hata mara moja. Bila picha hiyo sina sinema. Nina dakika themanini za watu wanaokunywa kahawa.

Ilikuwa tuipige mwezi wa tatu, barafu ikiwa ya kubeba lori. Halafu Taisto, mwigizaji wa yule mzee, akalazwa hospitali. Mafua, aliniambia kwenye simu. Mafua ya wiki tatu, na mashine inalia pii-pii nyuma yake! Sikumuuliza zaidi. Naye hakusema zaidi. Sisi ndivyo tulivyo, na mpaka leo tunajisifia.

Anakuja Jumatano. Mwezi wa nne. Jua linapanda kila siku na kila siku nalichukia zaidi.

Jumamosi, 8 Aprili

Reijo kapima: hamsini na mbili.

Reijo Käkelä ni mvuvi mstaafu, ndiye tuliyemwajiri kutupimia barafu. Kila asubuhi anashuka na keekee yake ndefu, anatoboa, anaingiza rula, anapanda kuja shuleni, ananitajia sentimita, anakunywa kahawa vikombe viwili, anaondoka. Hajawahi kusema sentensi ya maneno sita. Watu wa bima wanataka unene usipungue ishirini na tano. Tuna mara mbili ya hiyo! Nimepumua.

Nimelala mchana kidogo. Nimeota nahariri.

Jumatatu, 10 Aprili (Jumatatu ya Pasaka)

Reijo amenialika kula mämmi, ule uji mzito mweusi wa Pasaka ambao mgeni akiuona kwenye sahani hushika pua kwanza. Mimi nilipiga bakuli mbili na krimu juu. Nyumba yake safi, saa ya ukutani, picha ya marehemu mkewe, televisheni kubwa kuliko meza.

Kumbe ananifahamu. Si kwa sinema, la! Kwa *Kikosi cha Gatini*, ile tamthilia ya polisi ya televisheni. Miaka kumi na mmoja ya maisha yangu, vipindi mia moja na arobaini, polisi yule yule mwenye koti lile lile la ngozi.

"Ile ya mtu aliyeuawa kwa nanga ilikuwa yako, mama wa sinema?"

Nikasema ndiyo, yangu.

"Muuaji nilimjua kabla ya tangazo la kwanza."

Nikacheka, lakini ilinichoma. Nikiwa na miaka ishirini na minane nilitengeneza *Ng'ombe Watatu*. Watu walilia ukumbini. Taisto alikuwa na miaka hamsini na miwili wakati ule, anasukuma mlango wa zizi kwa bega lake la kushoto, na ukumbi mzima ukanyamaza. Gazeti moja likaandika kwamba nchi imepata macho mapya. Macho mapya! Mwaka uliofuata hela za sinema zikakauka nchi nzima, na macho mapya yakaenda kuongoza mashindano ya kupika samaki. Kisha tamthilia ya kila siku, matukio ishirini na mawili kutwa moja, ukikohoa umechelewa. Kisha matangazo ya mtindi. Kisha polisi. Kila mwaka nilisema, huu mmoja tu, halafu narudi kwenye kazi yangu. Miaka ishirini na tisa. Naandika tarakimu hii na mkono unakataa.

Reijo aliniongezea kahawa. Anaitazama runinga hata ikiwa imezimwa.

Jumanne, 11 Aprili

Hamsini.

Minttu kapiga simu kutoka Helsinki. Prodyuza wangu, ana miaka thelathini na minne, mkali kama wembe, nampenda na leo ningemnyonga. Dada Virpi, kasema, nina wazo, usikasirike. Mtu akianza hivyo mimi huwa nimeshakasirika. Wazo lenyewe: tumchukue kijana yeyote, tumvike koti la Taisto, tumpige picha kwa nyuma, akiwa mbali, uso wa Taisto tuupige ufukweni siku nyingine, kompyuta itamalizia. Hakuna atakayejua.

Mimi nitajua, nikamwambia.

"Dada, wewe huendi kununua tiketi."

Lo! Nilikata simu. Nikapiga tena baada ya dakika tano, nikaomba radhi, nikakataa upya. Hawezi kuelewa. Taisto ana nyonga moja mbovu, anatembea kama mtu anayebeba ndoo isiyokuwepo. Kijana gani ataubeba mwendo ule? Nimeandika sinema nzima kwa ajili ya mwendo ule! Na kama hii nayo ikitoka nusu nusu, basi, nitarudi kwa polisi wenye makoti, watanizika na polisi wenye makoti.

Jumatano, 12 Aprili

Amefika.

Teksi imesimama, mlango umefunguka, na kwa sekunde moja sikumjua. Kakonda mzee wa watu! Shingo inaogelea ndani ya kola. Nilikuwa nimeandaa uso wa furaha, sijui kama ulinikaa.

"Binti, umezeeka," kaniambia.

"Na wewe mzee umenenepa."

"Chakula cha hospitali, kitamu sana. Ziwa liko wapi?"

Hakutaka kahawa kwanza. Fikiria, mtu wa huku akatae kahawa! Tulishuka ufukweni, akasimama kwenye matete, mikono mfukoni. Jarkko alikuwa anajaribu lenzi, akamsalimia, shikamoo mzee, vipi afya. Taisto akasema daktari kamkataza kupanda ngazi. "Nimetazama, ziwa halina ngazi." Jarkko akacheka mpaka akashika kamera. Mimi pia nilicheka. Sote tulicheka vizuri na hakuna aliyeuliza ngazi ni kwa sababu ya nini.

Sleji ya kwenye sinema aliipenda. Ni ile ya zamani, kiti cha mbao juu ya vyuma viwili virefu, unasimama nyuma unasukuma kwa mguu mmoja. Akasema mama yake alikuwa akipelekea maziwa dukani kwa sleji kama hiyo. Akaisukuma hatua tatu kwenye barafu ya ukingoni, na nyonga ile ikafanya kazi yake, na mimi machozi yakanitoka, mtu mzima mimi. Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo niliyoingojea!

Kesho alfajiri, nikasema. Jua linatoka saa kumi na moja na nusu.

Usiku huu mvua imeanza. Naisikia juu ya bati.

Ijumaa, 14 Aprili

Jana mvua, leo ukungu. Hata matete hayaonekani, kisiwa ndiyo kabisa. Reijo katokea kwenye ukungu, arobaini na saba, kahawa mbili, karudi kwenye ukungu.

Taisto anafanya mazoezi kwenye korido ya shule. Anakwenda mpaka mwisho, anageuka, anarudi. Nasikia anapumzika kwenye kona. Kila mara anapumzika muda mrefu kidogo kuliko mara iliyopita. Nilimtolea kiti, akakitazama, akakiacha.

Jioni alikuja chumbani kwangu na vipai vya Karelia, vya wali, alivyonunua dukani, akavipaka mwenyewe siagi iliyopondwa na mayai. Tukala. Halafu kasema, akitazama dirishani, kwamba hapo katikati, baada ya *Ng'ombe Watatu*, aliigiza baba mkwe mara tisa na maiti mara mbili. Maiti ilikuwa bora zaidi, kasema, hapo angalau waliniacha nilale. Kisha: "Nilikungoja upige simu, binti. Muda mrefu."

Miaka yote ile nilikuwa na namba yake. Niliona aibu kumpigia kumwambia njoo ucheze nahodha mlevi kwenye kipindi cha sitini na tatu. Nikasema vipai vitamu. Akasema ndiyo, vitamu.

Jumamosi, 15 Aprili

Wafanyakazi wana mapumziko. Sheria ni sheria. Anga safi, jua kali, hakuna upepo. Siku nzuri kuliko zote na mimi sina watu! Nimeosha soksi.

Jumapili, 16 Aprili

Nimetembea kilomita kumi na mbili barabarani, kwenda na kurudi, bila sababu. Maji yanatiririka kwenye mitaro kila upande. Watu wote niliowaona wamekaa kwenye ngazi za nyumba zao wamefumba macho, nyuso juani, wana raha zao. Mimi peke yangu katika nchi hii ninayeomba baridi.

Nikiwa barabarani nilimkumbuka mama. Tulimzika Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Jumapili asubuhi nilikuwa studio, namwambia kibeti wa Krismasi atabasamu zaidi, ilikuwa kalenda ya watoto ya televisheni, kipindi kimoja kila siku mpaka Krismasi, vipindi ishirini na vinne. Dada wa vipodozi akaniuliza kama niko sawa. Nikasema taa ya kushoto iko juu mno. Kweli ilikuwa juu mno.

Leo nimegundua Reijo haji tena kwa miguu kupitia ziwani kama zamani. Kaja na gari, kazunguka. Arobaini na tatu.

Jumatatu, 17 Aprili

Mvua ya manyunyu. Juu ya barafu kuna maji, na chini ya maji barafu imekuwa ya kijivu. Jarkko anasema kijivu hicho kizuri kwa picha. Ndiyo, kizuri. Nami nimeliona hilo kabla yake.

Minttu: Ijumaa malori yanaondoka, dada, hapo hakuna mjadala. Nikamwambia unene bado ni arobaini na moja, bima wanataka ishirini na tano. Akasema vizuri, basi pigeni. Na yule mwenye chombo cha uokoaji? Nikamwambia yule alikodiwa wa mwezi wa tatu. Sasa tunategemea zimamoto wa mjini. Akauliza: Mko karibu nao? Saa moja, nikasema. Halafu tukaongea habari za malori.

Jumanne, 18 Aprili

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Asubuhi niliamka mapema kuliko Reijo, nikamtazama kwa darubini kutoka darasani. Kashuka. Kafika kwenye matete. Katoboa hapo hapo, hatua mbili kutoka nchi kavu, miguu yake bado iko kwenye ubao aliotandika. Kapima. Kaondoka.

Nilimkimbilia na ndala za ndani.

Reijo, nikamuuliza, mbona unatoboa ukingoni?

"Kwa sababu siendi mbele."

Tangu lini huendi mbele?

Akafikiri. "Pasaka."

Pasaka! Siku tisa! Nikamwambia, lakini unene ni arobaini! Umenitajia wewe mwenyewe kila siku, hamsini, arobaini na saba, arobaini na tatu!

"Ndiyo. Ni arobaini."

Basi?

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu wa mjini. Akainama, akang'oa kipande cha barafu kwa koleo, kipande kikubwa kama mto wa kulalia, akakipiga teke dogo. Kikamwagika. Sijui niseme vipi, hakikuvunjika, kilimwagika, kikawa vijiti virefu vya kioo, vyembamba, vimesimama kila kimoja peke yake hakijashikana na mwenzake. Barafu ya masika, kasema. Unene upo, nguvu hakuna. Mtu akisimama inafunguka chini yake.

Mungu wangu, Reijo! Mbona hukuniambia?

"Hukuuliza kama inabeba. Uliuliza sentimita."

Na kweli! Tangu siku ya kwanza nimeuliza sentimita, kwa sababu karatasi ya bima imeandikwa sentimita. Yeye alidhani najua. Mtu mzima, Mfini, hajui barafu ya mwezi wa nne? Aliona ni utovu wa adabu kunifundisha. Na mimi, la kuchekesha zaidi, nilijua. Babu yangu alituchapa tukikanyaga ziwa baada ya Pasaka. Nilijua, nikaiweka mbali kichwani, nikaning'inia kwenye ile tarakimu yake kila asubuhi.

Nikamuuliza kama hakuna njia kabisa. Alizungusha keekee mkononi. Halafu akasema kukipiga baridi kali usiku, nyuzi saba au nane chini ya sifuri, juu hujishika tena mpaka jua lipande. Mtu mmoja mwepesi, na sleji, kabla ya jua. Labda.

"Labda ya namna gani?"

"Labda ya kawaida."

Taisto ni mwepesi. Hilo ndilo wazo lililonijia, hapo hapo, kabla hata miguu haijaanza kuniuma kwa baridi. Taisto sasa ni mwepesi. Nimejiogopa.

Jumatano, 19 Aprili

Utabiri unasema usiku huu sifuri hadi mbili chini. Nimeufungua simuni mara arobaini. Sijui nadhani utanionea haya ubadilike.

Sijamwambia Minttu. Sijamwambia Jarkko. Nimewatangazia wote mezani, wakati wa supu ya samaki, kwamba kamera iwe tayari kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri, Taisto avae saa kumi na moja kasoro robo, halafu tutaangalia. Nilisema hivyo, halafu tutaangalia. Sidhani kuna aliyesikia maneno hayo ya mwisho. Nilikuwa nimeshayapunguzia sauti.

Taisto alibaki tukikusanya vyombo. Anakausha vikombe taratibu, kila kimoja anakizungusha mara mbili. Akaniuliza, bila kunitazama:

"Barafu ikoje, binti?"

Hapo ndipo. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Imeoza, mzee. Reijo mwenyewe hakanyagi. Ningeyasema, na yeye angevua koti, angeingia teksi, na mwaka kesho sidhani kama atakuwepo, yeye anajua, mimi najua, na hatujaambiana.

"Thelathini na nane," nikasema.

"Sentimita?"

"Sentimita."

Akaning'iniza taulo. "Nyingi hizo," kasema. Akanigusa bega, jambo ambalo hajalifanya kwa miaka ishirini na tisa, akaenda kulala.

Nilimjibu alichouliza. Najiambia hivyo tangu saa mbili usiku. Reijo alikosea kwa adabu, mimi nimefanya makusudi. Nitamwambia kesho kabla hajavaa. Nitaamka saa kumi. Kwanza nimtafute Reijo atoboe katikati, kama hapabebi basi, nafuta kila kitu mwenyewe, kwa mdomo wangu, mbele ya wote. Naapa.

Alhamisi, 20 Aprili

Naandika nikiwa ndani ya gari la kamera, ufukweni, dirisha wazi. Zimamoto wanasema dakika hamsini. Wamesema asiingie mtu yeyote kwenye barafu. Hakuna cha kufanya, basi mikono naishikisha kalamu.

Usiku haukuganda. Nyuzi moja *juu* ya sifuri. Saa kumi na dakika ishirini nilikwenda kwa Reijo, nikamwamsha, nikamwomba atoboe katikati. Kakataa. Tukabishana jikoni kwake. Mimi nabishana, yeye anachemsha kahawa. Nikasema twende basi hata mita hamsini. Hapana. Ishirini. Hapana. Nilijua jibu tangu mlangoni! Ningeweza kugeuka dakika ile ile, kurudi shuleni, kumwambia. Nikakaa. Nikanywa kikombe. Nilikaa kwa sababu mradi nipo kwa Reijo nabishana, bado haijafutwa.

Nilipotoka ilikuwa kumi na moja na dakika thelathini na nane. Jarkko kwenye redio, ananong'ona kwa furaha: Bosi, uko wapi, ni maajabu, anatembea vizuri ajabu!

Nilikimbia. Nimeanguka mara mbili, goti limechanika.

Alikuwa amevaa mapema, hataki kungoja. Alimuuliza Jarkko kama kamera iko tayari. Jarkko akasema tayari, ila Virpi hajafika. Taisto akasema, Virpi kaniambia jana iko sawa. Jarkko akawasha. Ana kosa gani Jarkko?

Nilipofika matete alikuwa ameshapita nusu. Nilifungua mdomo nimwite, na Reijo akanishika mkono. Usimsimamishe, kasema. Akisimama inafunguka. Ni mara ya kwanza Reijo kunigusa. Tukasimama. Mzee anasukuma, nyonga inakwenda, maji yanaruka chini ya vyuma. Nyuma yake njia yake inageuka nyeusi, hatua kwa hatua. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Naandika ukweli hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilikuwa nalia kwa hofu na nikatazama skrini ya kamera.

Mita chache kabla ya kisiwa akazama. Mpaka kiunoni. Hakuna aliyepiga kelele, hata mmoja wetu, watu tisa. Alikuwa na misumari yake shingoni, ile ya kujivutia barafuni, akaichoma, akajiburuta, akalala kifudifudi, akaendelea kwa tumbo. Kafika. Kasimama kwenye mawe. Katikisa maji kama mbwa.

Nyumba ya kisiwani imefungwa tangu kiangazi, lakini sauna, kibanda cha kuogea mvuke, hawafungi. Akaingia. Baada ya dakika kumi na mbili, moshi dohani! Wote walipumua, Jarkko kakumbatiana na dereva, Reijo kavua kofia. Kawasha moto, atajikausha, zimamoto watamkuta amekaa juu ya benchi na jasho linamtoka.

Na mimi? Wazo la kwanza lililonijia. Niliandike ili nilione. Moshi huo umeniharibia picha. Dohani hakutakiwi moshi.

Dakika arobaini bado.

Ametoka. Mbona ametoka? Amevaa koti lile lile bichi. Ameivuta sleji kutoka ukingoni, kaigeuza, vyuma vinatazama huku kwetu. Anainama, anachukua theluji kwa mikono miwili, anaingia saunani, anatoka, anachukua nyingine. Moshi unapungua. Anauzima moto. Jamani, mzee anauzima moto! Anajua muswada kuliko mimi.

Moshi umekwisha.

Kasimama nyuma ya sleji. Kainua mkono. Hivyo ndivyo amekuwa akiniambia tangu zizini, tangu *Ng'ombe Watatu*: niko tayari, ukisema. Reijo amekuja dirishani. Kasema mrudishe ndani, mama, atakusikia, sauti inafika. Kipaza sauti kiko hapa mapajani. Ni kubonyeza tu na kusema kaa, mzee, kaa hapo hapo. Maneno manne, matano. Nimekishika kwa mkono wa kushoto.

Mkono wake bado uko juu. Wote wananitazama. Jarkko ameuliza kwa mara ya pili, Virpi, nizime au nisizime? Kamera haijasimama tangu kumi na moja na nusu. Jua limevuka miti sasa hivi, na Mungu anisamehe, mwanga ndiyo kwanza umekaa sawa.